Kona za digrii 45 kwenye sanduku la mbao: maswali yenu

Fundi, kona tatu za sanduku langu zimefunga vizuri, ya nne ina mwanya. Nikate upya ile moja?

Usiiguse peke yake. Kosa liko kwenye kona zote. Sanduku la pande nne lina mikato minane. Msumeno ukikosea nusu digrii tu, jumla inakuwa digrii 4, na zote hujitokeza pale unapofungia mwisho. Usiamini alama za mashine: kata vipande viwili vya mbao chakavu, viunganishe, vipime kwa skwea, rekebisha mpaka mwanga usipite.

Kisha angalia urefu. Pande zinazotazamana zikipishana hata nusu milimita, hakuna pembe itakayokuokoa. Funga kibao cha kizuizi kwenye msumeno, ukate zote mbili bila kupima tena kwa futi.

Sanduku lilianguka mara moja tu, kona ikaachia. Ni gundi mbovu?

Mara nyingi gundi haina hatia. Mkato wa mshazari huacha wazi vinyweleo vya mbao, navyo hunyonya gundi hadi kiungo kibaki kikavu. Paka safu nyembamba, subiri dakika mbili au tatu, paka ya pili, ndipo ufunge.

Sanduku la kubebea vitu vizito tungelitia ndimi bila kusita, yaani vibao vyembamba vinavyogundishwa kwenye mifereji iliyokatiza kona. Gundi ikishakauka saa 24, pasua mifereji ya milimita 3 kukatiza kona kwa nje. Ubao wa milimita 15 una karibu milimita 21 kutoka ncha ya nje hadi kona ya ndani, kwa hiyo mfereji wa kina cha milimita 14 hautatokeza. Nyuzi za ulimi zitoke upande mmoja wa sanduku kwenda wa pili. Zikifuata kimo cha kona, ulimi utavunjika kirahisi. Uingie kwa kusukumwa na kidole, maana gundi huuvimbisha, na ukiwa umebana sana utakwama njiani. Kona ya kimo cha sentimita 10 hutosheka na ndimi mbili. Unaposawazisha kwa patasi, anzia kwenye kona kuelekea katikati ya ubao, la sivyo utang'oa ncha.

Sina klempu. Nitabanaje?

Tumia tepu ya karatasi. Panga pande nne kwa kufuatana, uso wa nje ukiwa juu, ncha zigusane. Bandika tepu kwenye kila kiungo, ikivutwa kidogo. Pindua, paka gundi, kunja, funga kona ya mwisho. Pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, kisha zile mbili nyingine. Vipimo vikitofautiana, bana pembe zenye kipimo kirefu kabla gundi haijashika.

Mtiki unakataa gundi.

Una mafuta. Futa mikato kwa thina, ikikauka tu paka gundi palepale.

Masika yamefungua kona zote. Kitako ni mbao nzima, nilikigundisha pande zote.

Ndicho kilichosukuma. Mbao hutanuka kwa upana inapopata unyevu. Weka plaiwudi, au ukiacha mbao, iingize kwenye mtaro bila gundi, ikiwa na nafasi ya milimita 1 kila upande kwa upana wa sentimita 20. Kona zilizofunguka zikwangue mpaka mbao tupu ionekane kabla ya kupaka tena, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka.