Kwenda kuona kondoo wakizaa na watoto na marafiki: yaongeeni mapema, sio getini

Juzi kuna dada kanitumia meseji. Anaishi huku huku Uingereza, ana watoto wawili na mimba ya miezi mitano, kaona zile picha zangu za watoto wanawanywesha wanakondoo maziwa kwa chupa akauliza, "dada, na mimi naweza kwenda na familia au ndo nisubiri mwakani?" Nimeshamjibu pembeni, ila kila ikikaribia mwezi wa tatu naulizwa hili hili, kwahiyo leo naandika lote nimalize. Na nisiwadanganye, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu mwaka jana, mkiona nimepandisha sauti huko chini mnivumilie.

Jibu fupi: kutembea nenda, bandani kondoo wanakozalia usiingie. Kondoo akizaa, yale maji ya uzazi na kondo la nyuma vinaweza kuwa na vimelea vinavyoharibu mimba ya binadamu pia. Kuna aina ya klamidia inayofanya kondoo watoe mimba, kuna toksoplazma, kuna listeria. Sio kwamba kila shamba linavyo, na wajawazito wanaopata madhara ni wachache sana, lakini mamlaka za afya huku zinatoa tangazo hilo karibu kila msimu: mjamzito asimsaidie kondoo kuzaa, asikamate mwanakondoo aliyezaliwa muda si mrefu, asiguse hata nguo na viatu vya mtu aliyetoka kuwashika. Mashamba mengi yanayopokea wageni yanabandika onyo hilo hilo mlangoni. Mi sikulitunga.

Sasa hapo ndo pananiuma. Mwaka jana tulipanga kwenda familia nne, mi ndo nilikuwa mpangaji, nikafungua grupu, nikatuma ramani, saa ya kuondoka, nani anambeba nani, na vois noti moja ndefu kabisa kwamba kama kuna mjamzito atembee na sisi ila bandani asiingie. Tiki zikawa bluu zote. Watu wakaweka vidole gumba, mmoja akaweka kondoo anayecheza. Sasa rafiki yangu mmoja (simtaji, anasoma hapa) alikuwa mjamzito na hajamwambia mtu zaidi ya mimi, na siku tumefika getini namuona anavaa buti tayari kuingia na wengine. Nikamvuta pembeni, nikamwambia taratibu kabisa, hakuna mwingine aliyesikia. Akanijibu, "kwani wewe daktari?" Hakuingia, akakaa kwenye gari saa nzima kanuna, tukirudi hakunisemesha. Mtoto wake alivyozaliwa, tena salama salmini namshukuru Mungu, mi niliona picha kwenye status kama mtu baki. Sijaomba radhi na sitaomba, maana nirudishwe pale getini leo nitasema vile vile.

Lakini nimejifunza kwamba grupu sio mahali pa kumwambia mtu jambo linalomhusu yeye. Watu hawasikilizi vois noti, wanaweka kidole gumba wanaendelea na mambo yao. Mtu kama huyo mpigie simu wiki moja kabla, mpange pamoja atafanya nini wengine wakiwa ndani. Sehemu nyingi kuna malisho ya nje ambapo wanakondoo wakubwa kidogo wanarukaruka na unawaona ukiwa nje ya uzio, anaweza kukaa hapo na wadogo ambao wamechoka, asiguse tu, anapata picha zake na hakuna anayejiona kaachwa. Ongeeni mapema jamani. Nitalirudia hili.

Matembezi yenyewe sitayaelezea sana, ni matope, mvua ya manyunyu, matope tena. Uzuri wa huku ni kwamba njia za miguu za umma zinapita katikati ya mashamba ya watu na kisheria una haki ya kupita, kwenye ramani za Ordnance Survey (shirika la ramani la huku) zile za 1:25,000 zimechorwa kwa vistari vifupi vya kijani, na ukiwa njiani unafuata mishale ya njano kwenye nguzo. Kuna kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892, kwamba mtu anaenda kilomita tano kwa saa halafu unaongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Naismith hakuwa na mtoto wa miaka mitatu anayesimama kwenye kila dimbwi. Ukiwa na watoto chukua muda huo uzidishe mara mbili, na hapo bado mtachelewa. Kigari cha mtoto acheni kwenye gari, kuna zile ngazi za mbao za kuvukia uzio na kigari hakivuki, baba watoto mmoja alikibeba kichwani nusu ya safari tukacheka mpaka machozi, yeye hakucheka. Mtoto mdogo mbebe mgongoni. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, mfugaji ana sababu zake.

Na mbwa. Mtu akikwambia "mbwa wangu mpole, hafanyi kitu" mwambie amfunge kamba au amuache nyumbani, hamna cha upole hapo. Kondoo mwenye mimba kubwa akikimbizwa tu, hata asipong'atwa, anaweza kutoa mimba au kufa kwa mshtuko. Kuna sheria ya mwaka 1953 kabisa ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa, kumuachia mbwa huru kwenye malisho yenye kondoo ni kosa, na mfugaji kuna hali anaruhusiwa kumpiga risasi. Hili nalo liongelewe kabla ya kutoka, sio mnafika mnaanza kuvutana mbele ya watoto.

Haya, bandani. Mimba ya kondoo ni kama siku 147, miezi mitano kasoro kidogo, kwahiyo mfugaji akiingiza dume tarehe 5 Novemba hesabu inamuangukia tarehe 1 Aprili, ndo maana wengi wao wanazaa kwa mkupuo na ndo maana mfugaji msimu huo halali, macho mekundu, anakunywa chai imepoa na hajali. Piga simu kabla ya kwenda, wengine wanazalisha Januari, wa milimani mpaka Aprili, ukikosea wiki unakuta banda tupu na watoto wanalia.

Sisi tulibahatika. Kondoo mmoja alijitenga kwenye kona, akawa anakwangua majani makavu kwa mguu wa mbele, analala, anainuka, anageuka kunusa pale alipolala, kisha akalala akanyoosha shingo pua ikaangalia juu. Mfugaji akatuambia angalieni vizuri, ikitoka miguu miwili ya mbele na pua juu yake mambo mazuri, ikitoka kinyume na hapo mtanisamehe naingiza mkono. Ikatoka vizuri, kwato mbili ndogo za rangi ya siagi, pua, halafu mwili wote ukateleza pwaa kwenye majani. Akakaa kimya, kalowa, hatikisiki. Watoto wote kimya. Mfugaji akamfuta utelezi puani, akachukua unyasi mmoja akautia kwenye tundu la pua akautekenya, kile kiumbe kikapiga chafya, kikatikisa masikio, na banda zima likashangilia utafikiri goli. Mama akaanza kumlamba huku anatoa mlio wa chini chini kooni ambao sijamsikia kondoo akiutoa wakati mwingine. Haikufika hata nusu saa yuko kwenye miguu minne, anatafuta chuchu sehemu zote zisizo na chuchu.

Mwanangu akauliza kwanini wanamharakisha kunyonya. Ni kwamba kinga ya mama haipiti tumboni kwa kondoo kama inavyopita kwa sisi, mwanakondoo anazaliwa hana kinga ya mama hata kidogo, anaipata kwenye maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, na ni zile saa chache za kwanza tu utumbo wake unaweza kuipokea. Anapakwa iodini kitovuni, anapigwa namba ubavuni kwa rangi, mama na watoto namba ile ile ili wasipotezane malishoni. Na kondoo ana chuchu mbili tu, akizaa watatu mfugaji anaweza kumchukua mmoja akampaka maji ya uzazi ya kondoo mwingine aliyezaa mmoja, yule mama ananusa anaona wake. Wanaokosa mama kabisa ndo wale wa chupa na taa nyekundu ya joto, ndo wale kwenye picha zangu, mkia unacheza maziwa yakianza kushuka.

Sasa mikono. Hapa nakuwa mkali na mnisikie, wazazi mnaoamini sanitaiza mnajidanganya. Kwenye kinyesi cha mifugo kuna vijidudu vya kuharisha, kuna kriptosporidiamu na kuna E. coli O157, na gel haitoshi, inatakiwa maji yanayotiririka na sabuni, kila kidole, kisha ndo mtoto ale. Mwaka 2009 kuna shamba la wageni kusini mwa Uingereza watu 93 waliugua E. coli hiyo, wengi watoto wadogo, na baadhi figo zao zilipata shida. Sio kwamba msiende. Nendeni, ila chuchu bandia ya kunyonya, biskuti, dole gumba mdomoni, vyote vikae mbali mpaka mikono ioshwe. Na kumbusu mwanakondoo hapana, hata kwa ajili ya selfi. Waambieni watoto sheria hizi kwenye gari mkiwa njiani, mtoto aliyeambiwa kwenye gari anakumbuka, mtoto anayevutwa mkono bandani analia tu na mama yake anaonekana mchawi. Najua maana niliwahi kuitwa hivyo, kwa utani eti.

Mkitoka, buti zipigwe brashi pale pale kwenye bomba la shamba, ziingie kwenye mfuko zifungwe, nguo za bandani zivuliwe mkifika na zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Na kama mwenye mimba ndo anayefua hapo nyumbani, siku hiyo afue mwingine, baba achukue kazi. Wangu nilimpa akafua bila kubisha, ila koti la mtoto lilikuwa limejiegemeza kwenye namba ya kondoo haijakauka, akalichanganya na mashuka meupe, na sasa tunalalia mashuka ya bluu.