Kuosha vioo Arusha: majibu kwa mliouliza

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu kazi yangu ya kuosha madirisha. Nayajibu maswali kwa yale niliyojifunza nikiwa na ndoo mkononi.

Nimemaliza kidato cha nne, naishi Kijenge, sina mtaji. Nianze na nini?

Mdogo wangu, ndoo mbili, sabuni ya maji, sponji, vitambaa visivyotoa nyuzi, na ule mpira wenye mpini wa kukwangulia maji. Ngazi subiri, anza na nyumba za chini. Mpira usichukue wa bei ya kutupa: ukingo wake ukiwa na mkato hata kidogo, utaacha mstari kila ukivuta.

Kaka, kioo kikikauka kinabaki na madoa meupe. Nakosea wapi?

Maji yetu ya chini ya Mlima Meru yana madini mengi, ikiwemo floraidi iliyotutia kahawia meno wengi tuliokulia huku. Tone likikauka, maji yanakwenda, madini yanabaki kiooni. Basi usiliache tone likauke lenyewe. Fuata kivuli: asubuhi osha madirisha ya magharibi, mchana hamia mashariki. Vuta mpira kutoka juu kwenda chini, ufute ukingo wake kila unapovuta, kisha kausha pembe na fremu. Mwenye nyumba akiwa na tangi la maji ya mvua, muombe ndoo ya kusuuzia. Doa la zamani lipake siki, liache dakika chache, ndipo usugue kwa kitambaa. Msasa na stiliwaya ni mwiko, vinachuna kioo.

Masika mnakula nini?

Hilo lilinitoa machozi mwaka wangu wa kwanza. Machi hadi Mei mteja anatazama mawingu, anakwambia tusubiri mvua iishe, na kodi ya chumba iko palepale. Kilichoniokoa ni maduka ya mjini yenye vioo vya mbele. Wananilipa kwa mwezi, iwe mvua iwe jua, maana matope yanayorushwa na bodaboda hayangoji Juni. Juni yenyewe ikifika watalii wanaongezeka, hoteli zinataka vioo ving'ae, na lile wingu la baridi linatufaa kwa sababu maji hayakauki haraka.

Uliacha ajira. Hujuti?

Sijuti. Bibi mmoja wa Sakina, nilipomaliza dirisha lake la kaskazini, aliwaita wajukuu waje waone Meru wakiwa ndani. Furaha hiyo sikuwahi kuipata nilipoajiriwa.

Mteja anasema ni maji tu, mbona bei kubwa?

Usibishane naye, dada. Mwoshee kioo kimoja cha sebuleni bure, akilinganishe na cha pembeni yake. Wewe nawe hesabu vioo kabla ya kutaja bei, ukiangalia nondo na nyavu za mbu. Niliwahi kukubaliana bei nikiwa getini. Giza likaniingilia nusu ya nyumba haijaguswa.

Mke wangu anaogopa nikipanda ngazi.

Msikilize. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Ukianguka hakuna mwajiri wa kukutibu, kwa hiyo kata bima ya afya mapema. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nao unapokea waliojiajiri. Jengo la kuning'inia kwa kamba mimi nakataa, hata bei ipande vipi.