Kiraka cha Fundi Usiyemwamini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Tanga. Tangu mwaka jana nimezima masasisho ya Windows katika kompyuta yetu ya nyumbani, kwanza kwa sababu yanakula bando, na pili kwa sababu siwaamini wanaoitengeneza: kama walituuzia kitu kizima, mbona kila mwezi wanarudi kukitia viraka? Mwanangu anasema iko siku tutaingiliwa na mnyoo wa intaneti. Mimi sifungui kabisa barua pepe za nisiowajua. Je, hiyo haitoshi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kutofungua barua za usiowajua ni tabia njema, ila kwa mnyoo haitoshi, kwa kuwa mnyoo haumngoji mtu afungue chochote. Hutafuta wenyewe tundu katika programu iliyo wazi kwa mtandao, ukapenya, kisha kutoka hapo ukaanza kuwinda kompyuta nyingine. Agosti 2003, ulipoenea mnyoo ulioitwa Blaster, mtu aliweza kuunganisha kompyuta na intaneti, akaketi bila kugusa kitu, na baada ya muda mfupi akaona kidirisha kinachomwarifu kuwa Windows inajizima, huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma kuanzia 60.

Unalolalamikia ndilo alilolalamikia aliyeuandika mnyoo huo. Ndani yake aliacha ujumbe kwa Bill Gates, mwasisi wa Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, akimuuliza kwa nini anayawezesha mambo haya, na kumtaka aache kuchuma pesa arekebishe programu zake. Lakini kiraka cha tundu hilo Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 16 Julai, siku 26 kabla ya Blaster kuonekana, kwa hiyo walioumia ni watu ambao kiraka hakikuwafikia au hawakukitaka. Mambo yakajirudia mwaka 2017 kwa WannaCry, uliofunga mafaili ya watu na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa: kiraka kilitoka 14 Machi, mnyoo ukaja 12 Mei. Tena kiraka kikishatoka hatari huongezeka kwa asiyekiweka, maana wahalifu hukichambua wakajua tundu lilipo. Ndiyo maana nakuomba, Mwalimu, uyawashe masasisho leo hii. Ukikikataa kiraka kwa kutomwamini fundi, unabaki na tundu la fundi huyo huyo.

Sisemi kwamba shaka yako haina msingi. Windows XP ilitoka mwaka 2001 ikiwa na ngome yake, ile ambayo mafundi huiita fayawoli na ambayo huzuia wageni wa mtandaoni wasioalikwa, lakini ilikuwa imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe. Ni Agosti 2004, watu wakiwa wameshateswa na Blaster na mnyoo mwingine ulioitwa Sasser, ndipo ilipoanza kuja ikiwa imewashwa. Mwaka 2005 iligundulika kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG, zikitiwa katika kompyuta, zilipandikiza programu inayojificha bila mwenye kompyuta kuambiwa, na muda si muda wahalifu wakaitumia kuficha virusi vyao. Jambo hilo mimi bado linanikera.

Shaka hiyo basi ifanye kazi nyumbani kwako. Hakikisha ngome ya Windows imewashwa, ubadilishe neno la siri la ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa sababu lile la kiwandani mara nyingi hujulikana na kila mtu, na uondoe programu zote usizozitumia. Jihadhari pia na flashi inayorudi kutoka stesheneri baada ya kuchapisha kazi za watoto. Mnyoo wa Conficker, ulioanza mwishoni mwa 2008, ulisambaa hata kwa njia hiyo.

Kuhusu bando, katika mipangilio ya Windows unaweza kueleza kuwa intaneti yako inalipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua bila ruhusa. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu hutoka usiku. Kama mtandao wako una bando la usiku, lichukue siku hiyo, uvipakue mwenyewe kisha uwashe kompyuta upya.

Huenda ukauliza, na sasisho lenyewe likija na sumu? Limewahi kutokea. Juni 2017 nchini Ukraine, programu haribifu iitwayo NotPetya ilisambazwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, na waliosasisha kwa uaminifu ndio walioipokea. Kwa hatari ya namna hiyo kinga ninayoitegemea ni nakala: nunua diski ya nje, nakili humo picha na nyaraka za familia kila baada ya wiki mbili, na ukimaliza uichomoe uiweke kabatini, kwa sababu diski iliyoachwa imechomekwa huharibiwa pamoja na kompyuta.