Vumbi la kaskazi ndilo tope la masika

Jana asubuhi nimemkuta kijana wetu mmoja uwanjani kwenye kinu cha kusaga mawe, kashika ufagio, vumbi lote analisukumia mtaroni. Nikamnyang'anya. Alidhani nimekasirika, kumbe nimeogopa. Basi wanangu mlioanza kazi mwezi huu, sikilizeni.

1. Nyunyizieni mawe kabla hayajaingia krasha. Manyunyu tu, chekeche lisizibe.

2. Leso si barakoa. Vumbi linaloua mapafu ni lile msiloliona, na silika, madini yaliyomo ndani ya mawe mengi, ikishayaharibu hayaponi.

3. Mtaro si jaa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa pili, hapa hapa nje ya Malindi, mimi ndiye niliyeamuru vumbi lifagiliwe mtaroni. Kaskazi nzima uwanja ulikuwa safi, nikasifiwa. Tulikuwa tukisaga barite, jiwe la madini kutoka Vitengeni. Barite ni nzito, uzito wake kama mara 4.5 wa maji. Unga wake ukituama unajishindilia kama saruji. Kalveti, lile bomba la kupitishia maji ya mtaro, ikajaa kidogo kidogo, nami sikuinama hata siku moja kuichungulia. Ikaja masika, mvua ya Mei ya usiku kucha. Maji yakakosa njia, yakapanda uwanjani, yakazoa lundo la unga, yakateremka nalo shambani kwa jirani hadi kisimani.

Asubuhi yule mama akaja na ndoo ya maji ya kijivu, akaitua miguuni pangu. "Mwanangu, nina mjukuu mgonjwa ndani. Nimpe haya?"

Barite ile huja na galena, jiwe jingine la madini, na galena ina risasi, ile metali yenye sumu. Mimi nilijua, yeye hakujua. Tajiri alitaka nimwambie ni udongo tu. Nilimwambia ukweli, asiyaguse. Miezi mitatu nikampelekea madumu ya maji ya bomba kwa mkokoteni, na kila nikifika naona haya kubisha hodi.

4. Maji ya mvua yanayotoka juu yazungusheni nje ya uwanja. Yaliyogusa unga yaende bwawani yatulie. Yasikutane kabisa.

5. Lundo lifunikwe turubai. Na kusi ikishika, hamisheni kibanda cha kulia: palipokuwa salama Januari, Juni mtakula vumbi na ugali.

Yule kijana jioni nimemkuta kalala kifudifudi, anamulika kalveti kwa tochi ya simu. "Mzee, tope limefika shibiri." Kesho alfajiri tunaizibua. Mwenye koleo aje nalo.