Prosesa haishuki asilimia 75 hata nikifunga kila kitu: niiuze laptopu?

Swali

Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Isevya, Tabora. Natumia Dell Latitude E5450 ya mtumba, prosesa Core i5-5300U, RAM GB 4, diski ya kawaida, Ubuntu 22.04. Tangu mwezi uliopita feni inavuma kutwa nzima na mashine imekuwa nzito, hata kuandika barua herufi zinakuja kwa kuchelewa. Aliyeniwekea Ubuntu anasema prosesa imechoka, niuze nichukue nyingine. Nimebadilisha chaja mwezi huohuo, sijui kama inahusu. Nimenakili hii kutoka kwenye `top`, ile programu inayoonyesha nani anakula prosesa, nikiwa nimefungua Firefox tu:

`%Cpu(s): 45.2 us, 29.6 sy, 0.0 ni, 20.8 id, 3.9 wa, 0.0 hi, 0.5 si, 0.0 st`

`gnome-shell` 118.0
`kworker/0:1-kacpid` 96.7
`firefox` 54.0
`kswapd0` 14.2

Naomba msaada kabla sijaiuza.

Jibu

Marahaba. Usiiuze kwanza. Prosesa haichoki, ama inafanya kazi ama imekufa. Kinachochoka ni feni, ile dawa ya kupitishia joto iliyo juu yake, na chaja. Na kwa hiyo mistari michache uliyotuma, chaja yako inahusu sana, ila haiko peke yake.

Tuanze na hizo namba, maana wengi zinawatisha bure. `top` inahesabu kila uzi wa prosesa (njia moja ya kufanyia kazi) kuwa asilimia 100. i5-5300U ina koa (core) mbili zenye nyuzi nne, kwa hiyo jumla ya mashine yako ni 400, na `gnome-shell` kula 118 si muujiza. Ukibonyeza Shift+I ndani ya `top`, itagawa kwa idadi ya nyuzi na utaona picha ya kawaida. Ukibonyeza 1, kila uzi utajitokeza kwenye mstari wake.

Mstari wa juu ndio wenye habari. `us` ni kazi ya programu zako, `sy` ni kazi ya kerneli yenyewe (kiini cha Ubuntu kinachoongoza vifaa), `wa` ni kusubiri diski. Diski yako haina kesi kubwa; 3.9 ni ya kawaida kwa diski ya kuzunguka. Ila `sy` ya 29.6 kwenye mashine yenye Firefox peke yake haikubaliki, ilitakiwa iwe mbili au tatu. Kuna kitu kinagonga mlango wa kerneli bila kupumzika, na jina lake umeshaliandika: `kworker/0:1-kacpid`.

`kworker` ni kibarua wa kerneli. Kumuua haisaidii na huwezi. Cha kuangalia ni neno lililo baada ya kistari, maana ndilo linalomtaja aliyemtuma. Huyu katumwa na ACPI, yaani njia ambayo ubao wa mashine unaipasha Ubuntu habari: mfuniko umefungwa, chaja imechomekwa, betri imeshuka, joto limepanda. Kila habari ina laini yake yenye namba, zinaitwa `gpe`. Laini moja ikikwama, inapiga mara maelfu na kibarua anakimbia kuipokea kila mara. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika hivi:

`grep -r . /sys/firmware/acpi/interrupts/ | grep -v " 0 "`

Subiri sekunde kumi, rudia. Laini isiyo na tatizo huongezeka kidogo au hubaki pale pale. Iliyokwama utaiona imeruka kwa maelfu ndani ya hizo sekunde kumi. Usijali mistari ya `sci` na `gpe_all`, hiyo ni jumla tu. Tafuta yenye namba, kwa mfano `gpe6F` au `gpe13`.

Sasa, kabla hujaizima laini hiyo, chomoa chaja kisha rudia amri ileile ukiwa kwenye betri. Hapa ndipo nataka utulie. Namba ikiacha kuruka mara chaja inapochomolewa, basi laini haina kosa, inasema kweli: chaja inaingia na kutoka. Unaweza kuishuhudia. Rudisha chaja, andika

`udevadm monitor --subsystem-match=power_supply`

halafu tikisa taratibu ule mdomo wa chaja pale unapoingilia. Mistari ikimwagika kila ukitikisa, au hata bila kutikisa, umempata mhusika.

Chaja za Dell za aina yako zina sindano nyembamba katikati ya mdomo. Haipitishi umeme wa kuchaji; inaitambulisha chaja kwa mashine kwamba ni ya wati ngapi. Chaja nyingi za bei rahisi hazina utambulisho huo au zinauigiza vibaya, na sindano yenyewe hupinda kwa urahisi ukichomeka kwa pupa. Mashine ikishindwa kuitambua chaja, inaendelea kuwaka, ila inakataa kuchaji betri na inaishusha prosesa kasi ili isivute umeme mwingi kutoka kwenye chaja isiyoijua. Mara nyingi inaonya mara moja tu, kwa maandishi meupe wakati wa kuwaka, na watu wanabonyeza kitufe kuyapita.

Hili la kasi ndilo linalopotosha watu wengi. Asilimia 75 ni sehemu ya nini? Prosesa yako kasi yake ya msingi ni 2.3 GHz na inaweza kupanda hadi 2.9. Ikibanwa kwenye 500 au 800 MHz, kazi ileile iliyokuwa inakula asilimia 20 itakula 60 au 70, na `top` haitakwambia kwamba kikombe kimekuwa kidogo. Pima hivi. Kwenye terminali moja:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Kwenye nyingine, ipe prosesa kazi ya makusudi kwa dakika moja:

`for i in 1 2 3 4; do timeout 60 yes > /dev/null & done`

Mashine ikiwa imetulia, kasi ndogo ni sawa kabisa, inaokoa umeme. Lakini `yes` nne zinapokimbia, namba zote zinatakiwa zipande juu ya 2000. Zikibaki 500 hadi 800, chomoa chaja wakati jaribio linaendelea. Zikipanda ghafla ukiwa kwenye betri, mshitakiwa ni chaja. Tafuta ya wati 65 yenye sindano nzima, na kabla ya kulipa, iwashe mashine dukani palepale uangalie kama inachaji:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/status`

Jibu likiwa `Charging` au `Full`, lipa. Likiwa `Discharging` wakati umechomeka, mrudishie. Ukibadilisha chaja na bado hali ni ileile, tatizo limehamia kwenye tundu la chaja la mashine. Hicho ni kipande kidogo chenye waya wake, kinabadilishwa bila kugusa ubao.

Ikiwa laini inapiga maelfu hata chaja ikiwa mezani, hapo ndipo unaizima. Kwa mfano ikiwa ni `gpe6F`:

`echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F`

Angalia `top`, kibarua anatakiwa atoweke papo hapo. Kisha jaribu mfuniko, kitufe cha kuwashia, vitufe vya mwanga, na kuchomeka chaja. Kimojawapo kikiacha kuitika, laini hiyo ilikuwa na kazi, uamue mwenyewe kipi unakihitaji zaidi. Ukiwasha mashine upya, amri hiyo inafutika. Kuifanya ya kudumu unaongeza `acpi_mask_gpe=0x6F` kwenye faili la GRUB (programu inayoiamsha Ubuntu mashine inapowaka), nitakuonyesha sasa hivi kwa sababu tunaliendea kwa jambo lingine.

Jambo lenyewe ni `gnome-shell`. Hiyo ndiyo inayochora skrini yako, na kazi ya kuchora ni ya chipu ya picha, si ya prosesa. Inapofika 118, mara nyingi chipu ya picha haitumiki kabisa.

`sudo apt install mesa-utils`
`glxinfo -B | grep -i renderer`

Inatakiwa iseme Intel HD Graphics 5500. Ikisema `llvmpipe`, prosesa ndiyo inayochora kila dirisha, kila herufi, kila video. Sasa tazama `cat /proc/cmdline`. Nina dau kwamba utakuta neno `nomodeset`. Mafundi wengi huliweka wakati wa kusakinisha ili skrini isiwe nyeusi, kisha wanasahau kuliondoa. Lenyewe linaizuia kerneli kuendesha chipu ya picha.

Fungua `sudo nano /etc/default/grub`, tafuta mstari unaoanza na `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, futa `nomodeset` ubakize `"quiet splash"`. Na kama ulihitaji ile `acpi_mask_gpe`, iweke humohumo ndani ya alama za nukuu. Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, toka kwa Ctrl+X, halafu `sudo update-grub`, uwashe upya. Skrini ikiwa nyeusi, usipanike: zima, washa huku ukigusagusa Esc hadi menyu ya GRUB itokee, bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, andika `nomodeset`, bonyeza F10. Umerudi ulipokuwa, kwa kuwaka huko kumoja tu.

`kswapd0` ni habari ya RAM. Inaamka nafasi inapokwisha, inahamishia vitu kwenye diski. GB 4 kwa GNOME na Firefox ni kubanana. Andika `free -h` uangalie safu ya `available`. Ikicheza chini ya MB 300, ongeza kijiti cha GB 4 aina ya DDR3L, ile ya volti 1.35. Ukiwa huna hela sasa hivi, sakinisha `zram-tools`, kwenye `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Inabana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kukimbilia diski. Lakini hakikisha kwanza ni `kswapd0` halisi, kwa kuwa programu za wizi zinazochimba sarafu za kidijitali hupenda kujificha kwa jina hilo:

`ps -eo pid,ppid,user,pcpu,args --sort=-pcpu | head`

Ya kweli ni ya `root`, mzazi wake ni namba 2, na jina limo ndani ya mabano ya mraba. Ukikuta inaendeshwa kwa jina lako la mtumiaji, chomoa intaneti kwanza ndipo tuzungumze.

Joto sikulisahau, na mwezi wa tisa na wa kumi pale Tabora vumbi na jua vinashirikiana. `sudo apt install lm-sensors`, halafu `sensors` wakati `yes` zinakimbia. Nyuzijoto 75 hadi 85 ni kawaida. Ikipita 95, fungua mashine, toa betri, na utakuta kati ya feni na yale mapezi ya shaba kuna blanketi la vumbi. Litoe kwa kibano. Kupuliza peke yake kunalisukuma ndani zaidi, na ile hewa ya kwa mafundi pancha ina maji ndani yake. Ukipuliza kwa chochote, shika feni kwa kidole isizunguke. Dawa ya kupitishia joto weka kiasi cha punje moja ya mchele, baada ya kufuta ya zamani kwa spiriti. Dawa ya meno si mbadala, inakauka.

Mwisho, kwa kuwa unachapa: siku ukimkuta `gs` (Ghostscript, inayotayarisha kurasa za kuchapa) kasimama kwenye 100 bila kushuka, hiyo ni kazi ya printa iliyokwama, kwa kawaida PDF nzito ya kurasa zilizoskaniwa. `lpstat -o` itakuonyesha foleni, `cancel -a` itaifuta.

Anza na chaja. Kisha nitumie majibu mawili: ya `glxinfo`, na ya ile amri ya `grep` ya kwanza uliyoirudia mara mbili, chaja ikiwemo na ikiwa imetoka.