Hela ya mwaka 1880: vitu vidogo vinavyoiumbua riwaya ya kihistoria

Msomaji wa riwaya ya kihistoria husamehe mengi, ila si mchuuzi wa Bagamoyo ya mwaka 1880 anayelalama kuwa hana hela. Neno hilo limetokana na Heller, sarafu ambayo Wajerumani waliileta mwaka 1904 na kuifanya rupia moja kuwa heller 100. Kabla ya hapo rupia yao iligawika pesa 64. "Shule" nayo ni ya Kijerumani. Babu zetu walikwenda chuoni, yaani madrasani. Mchuuzi wako mpe reale, rupia au pesa, na shilingi isubiri miaka ya 1920.

Rasimu ikiisha, usiisome yote. Soma mazungumzo tu, ukizungushia kila neno la fedha, mavazi, kazi na chombo, kisha ulitafute katika kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882. Krapf aliegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa hiyo neno kukosekana humo si hukumu, ni sababu ya kuchunguza zaidi. Ukaguzi huu ni wa vinywa vya wahusika. Msimulizi aachwe aseme Kiswahili cha leo, maana riwaya iliyojaa maneno ya kale humchosha msomaji kabla ya sura ya tatu.

Upepo nao huwaponza wengi. Jahazi la kutoka Maskati haliteremki Unguja mwezi Julai, kwa sababu wakati huo ni kusi, nalo huja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Nahodha aliyepitwa na msimu hukwama miezi kadhaa, na hapo umepata kisa bila kukitafuta.

Nchi kavu, angalia reli ya kati: ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Anayekimbilia Tabora wakati wa Maji Maji atembee.

Weka daftari la miaka na umri wa kila mhusika. Ongeza safu ya Ramadhani, kwani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Kizungu. Na saa usizinakili kama zilivyo: nyaraka za Waingereza zinasema mizinga ililipiga kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896 baada tu ya saa 9 asubuhi. Mpishi wa kasri aliisikia saa tatu.