Besi inayomezwa na kiki

Ndugu yangu, umesema besi yako inanoga kwenye rege, ila ukiweka biti ya hausi (muziki wa dansi wa kielektroniki) inapotea, inamezwa na kiki, yaani ngoma kubwa ya chini. Kabla hujanunua kifaa chochote, punguza noti.

Kwenye wandropu, mtindo wa ngoma za rege, kiki hutua pigo la tatu, ndiyo maana besi ya rege ina nafasi ya kutembea. Hausi hupiga kiki kila pigo, na uzi wako wa E ukiwa wazi unatoa kama hezi 41 (mitetemo kwa sekunde), eneo lilelile la chini kiki inakotamba. Msikilize Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, hasa pale anapoacha pigo la kwanza tupu ndipo aingie. Nawe kwepa kiki, ingia katikati ya mapigo. Besi ya rumba ya Kongo nayo imejaa mapengo ya namna hiyo, kwa hiyo ladha ya Kiafrika haipotei, inazidi.

Mwendo usikusumbue: rege ya mapigo 62 kwa dakika inakaa vizuri juu ya hausi ya 124, maana ni nusu yake kamili.

Mgongano ukibaki, weka kompresa (kibana sauti) kwenye besi iongozwe na kiki, ili besi ishuke kila kiki inapopiga, kidogo tu. Ikizidi, mkono wako hausikiki tena. Na besi ya sinthi (ya kinanda cha kielektroniki) izime kabisa unapopiga, tafadhali sana.